Bahati Yenye Mipaka: Namna Madhara ya Uchawi Yanavyokokotolewa katika Michezo ya Mtandaoni

Katika michezo ya kuigiza wahusika inayochezwa mtandaoni, yaani michezo ya kompyuta au simu ambamo kila mchezaji humwongoza mhusika mmoja wa kubuni, humkuza ngazi kwa ngazi, humvika silaha na mavazi, kisha hupambana akiwa pamoja na wachezaji wengine walio mbali naye, nguvu ya uchawi kwa kawaida haielezwi kwa namba moja. Maelezo ya uchawi wa moto, kwa mfano, husema kwamba adui atapoteza kati ya pointi 100 na 140 za uhai wake, na mchezaji anayeurusha uchawi huo mara kumi hupata majibu kumi ambayo ni nadra kulingana. Pointi hizo zinazopotea ndizo zinazoitwa madhara, na mhadhara huu unaeleza zinapatikanaje, kwa nini hubadilika, na mabadiliko hayo yanamfaa nani. Hoja yake ni moja: upana wa nafasi iliyopo kati ya kima cha chini na kima cha juu ni suala la haki kabla ya kuwa suala la hesabu, kwa sababu ndio unaoamua mnyonge apate nafasi gani mbele ya mwenye nguvu, na kwa sababu hiyo kila anayecheza anastahili kujua namba yake inachotwa vipi. Ieleweke pia kwamba uchawi unaotajwa humu ni wa hadithi na michezo peke yake, wala hauna uhusiano wowote na tuhuma za uchawi ambazo zimewaletea vikongwe mateso na vifo katika baadhi ya mikoa ya Tanzania.

Mada hii inaweza kuonekana kuwa mbali na Kakesio, kata ya wafugaji iliyo upande wa kusini-magharibi wa eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, juu ya bonde la Ziwa Eyasi. Hata hivyo ni vigumu kupata mahali panapofaa zaidi pa kuianzia, kwa kuwa katika nchi hiyo, pamoja na ile inayoizunguka Eyasi hadi Mang'ola katika Wilaya ya Karatu, zimekaa kwa ujirani mila mbili za mchezo zinazosimama kwenye ncha mbili za suala la bahati, na michezo ya mtandaoni imejenga makazi yake mahali fulani katikati ya ncha hizo.

Ncha ya kwanza ni ya michezo isiyo na bahati kabisa. Wamaasai hucheza enkeshui, mchezo wa ukoo mmoja na bao, unaochezwa kwa kusambaza kete katika safu mbili za mashimo, na kwenye pwani ya Waswahili ukoo huo umezaa mchezo mgumu kupita yote, yaani bao la Kiswahili, lenye safu nne, mashimo 32 na kete 64. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza akiwa na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa katika nyumba, na kete 22 mkononi ambazo huziingiza moja moja katika awamu ya namua kabla ya kuingia awamu ya mtaji. Hakuna dadu inayorushwa, hakuna kete iliyofichwa, na yeyote anayetazama ana taarifa zile zile walizo nazo wachezaji wenyewe. Ikiwa matokeo hayatabiriki, ni kwa sababu kete zikisambazwa, zikala, zikaendelea na mzunguko mwingine, hesabu yake hurefuka kuliko akili ya kawaida inavyoweza kuifuata. Na ndiyo maana mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt, alipotafiti mabingwa wa Zanzibar katika miaka ya 1990, aliona kwamba ubingwa wao ni suala la ukomo wa akili ya binadamu katika kuhesabu bila kugusa ubao. Ukale wa mila hii katika Afrika Mashariki unaonekana hata kwenye mawe, kwani pale Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mbao za bao zimechongwa kwenye mwamba wenyewe. Katika michezo ya namna hii anayejua zaidi humshinda anayejua kidogo, na humshinda karibu kila siku.

Ncha ya pili ni ya Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji inayoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, ambao wana mchezo uitwao lukuchuko. James Woodburn, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeanza utafiti wake miongoni mwao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliueleza kuwa kazi inayochukua muda mwingi wa wanaume wanapokuwa kambini. Vibao vidogo vya gome la mti, ambavyo kila kimoja kina uso wa nje na uso wa ndani unaotofautishwa kwa urahisi, hurushwa kwa pamoja kwenye shina la mti vikaanguka chini; kimoja ndicho kibao kikuu, vingine ni vya wachezaji, na ushindi huamuliwa kwa kulinganisha uso wa kila kibao na uso wa kile kikuu. Vinavyowekwa rehani ni vitu vya thamani hasa: mishale yenye ncha za chuma, sumu ya mishale, visu, shanga, viko vya mawe. Upinde, ambao mwanamume hawezi kuishi bila huo, hauwekwi.

Hesabu ya mchezo huo inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake mna kila kitu kinachohitajika kuelewa kompyuta. Tuseme mshindi ni yule ambaye kibao chake peke yake kimelala sawa na kibao kikuu, na kwamba kila kibao kina nafasi sawa ya kulala upande wowote. Wakiwa wachezaji wawili, nusu ya mirusho itatoa mshindi. Wakiwa watatu, mirusho 3 kati ya 8. Wakiwa wanne, mrusho 1 kati ya 4. Na wakiwa watano, mirusho 5 tu kati ya 32, hivyo vibao huokotwa na kurushwa tena na tena. Jambo la kupendeza zaidi ni kwamba gome halina haja ya kuwa kamilifu. Hata kama vibao vyote vimepinda kidogo na hupenda kulala upande mmoja, maadamu vyote vimepinda kwa kiasi kile kile, hakuna mchezaji anayepata upendeleo, kwa sababu kasoro moja imegawiwa kwa wote sawasawa. Woodburn alionyesha kwamba matokeo yake kijamii ni makubwa: mishale na sumu havikai mikononi mwa fundi hodari au mwindaji hodari, bali huzunguka kambi nzima na kusafiri hadi sehemu ambako malighafi yake haipatikani, na makala yake ya mwaka 1982 kuhusu jamii za usawa iliuhesabu mchezo huo miongoni mwa njia zinazozuia mtu mmoja kujilimbikizia mali. Bahati, kwa Wahadzabe, ni chombo cha kusawazisha.

Michezo ya uchawi mtandaoni imerithi vitu kutoka ncha zote mbili, ingawa ukoo wake wa moja kwa moja ni mwingine. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha nchini Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao huchezwa mezani kwa karatasi, maneno na dadu, na ndani yake uchawi maarufu wa mpira wa moto hupimwa kwa kurusha dadu kadhaa za pande sita na kujumlisha. Mwaka 1978 Roy Trubshaw na Richard Bartle wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walianza kuhamishia dunia kama hiyo ndani ya kompyuta iliyoweza kuingiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na kutoka hapo zikaja Ultima Online mwaka 1997, EverQuest mwaka 1999, RuneScape mwaka 2001 na World of Warcraft mwaka 2004. Dadu zilitoweka machoni pa mchezaji, lakini hesabu yake ilibaki.

Jambo la kwanza ambalo hesabu hiyo inafundisha ni kwamba mipaka miwili haitoshi kuueleza uchawi. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, mpira wa moto wa kawaida ni jumla ya dadu nane za pande sita, kwa hiyo kima chake cha chini ni 8, kima cha juu ni 48, na wastani ni 28. Sasa achukuliwe mbunifu mwingine anayeandika uchawi wake kwa kuiagiza kompyuta ichague namba yoyote kuanzia 8 hadi 48, kila moja ikiwa na nafasi sawa. Mipaka ni ile ile na wastani ni ule ule 28, na maandishi kwenye kioo cha simu yatasomeka vile vile; lakini ni uchawi wa aina mbili tofauti kabisa. Dadu nane zikijumlishwa hukimbilia katikati, kwa sababu njia za kupata 28 ni nyingi mno ilhali njia ya kupata 8 ni moja tu, yaani dadu zote nane zionyeshe moja, jambo linalotokea mara 1 katika mirusho 1,679,616. Hivyo karibu robo tatu ya mirusho yote ya dadu huangukia kati ya 23 na 33, wakati katika uchawi wa nafasi sawa ni zaidi kidogo ya robo tu inayoangukia humo. Umbo hili la kugawanyika kwa majibu huitwa mgawanyo, na umbali ambao majibu hutangatanga kutoka kwenye wastani huitwa mtawanyiko; na mbunifu anayetaja mipaka bila kutaja mgawanyo ameeleza nusu ya jambo.

Maana ya tofauti hiyo huonekana pale adui anapowekwa mbele. Dhidi ya adui mwenye pointi 20 za uhai, mpira wa moto wa dadu nane humwangusha zaidi ya mara 95 kati ya 100, ilhali ule wa nafasi sawa humwangusha kama mara 71 tu. Dhidi ya adui mwenye pointi 40 mambo hugeuka: dadu nane hufaulu takriban mara 1 kati ya 100, na uchawi wa nafasi sawa hufaulu karibu mara 22. Kwa maneno mengine, mtawanyiko mwembamba humlinda mwenye nguvu, kwa sababu humhakikishia kile ambacho tayari alistahili kukipata, na mtawanyiko mpana humpa mnyonge mlango ambao vinginevyo ungekuwa umefungwa, huku ukimwangusha mwenye nguvu hata pale alipokuwa na haki ya kushinda. Hapa ndipo vibao vya gome vya Eyasi na kompyuta ya mbunifu vinapofanya kazi moja. Anayeongeza mtawanyiko anausogeza mchezo wake kuelekea lukuchuko. Anayeupunguza anausogeza kuelekea bao. Na hakuna namna ya kukwepa uchaguzi huo, kwani hata kuchagua namba moja isiyobadilika ni kuchagua upande.

Mipaka inayoandikwa kwenye maelezo ya uchawi ni mwanzo tu wa safari ya namba. Kwanza hujumlishwa nguvu ya mrushaji, inayotokana na ngazi yake na mavazi yake, na katika World of Warcraft ya miaka ya mwanzo nguvu hiyo iligawiwa kwa kanuni ya muda: uchawi unaochukua sekunde 3.5 kurushwa ulipokea nguvu yote, na wa muda mfupi zaidi ulipokea kwa uwiano wa muda wake na sekunde hizo 3.5. Uchukuliwe uchawi wa 100 hadi 140, na mrushaji mwenye nguvu ya ziada 200. Ukiwa wa sekunde 3.5 utafikia 300 hadi 340. Ukiwa wa sekunde 1.5 utapata nyongeza ya takriban 86 na kuishia 186 hadi 226. Msomaji atazame kile ambacho hakikubadilika: upana bado ni pointi 40. Upana huo ulikuwa theluthi ya wastani hapo mwanzo, na sasa, kwenye uchawi wa sekunde 3.5, umekuwa sehemu moja tu ya nane. Ina maana kwamba mchezaji anapozidi kukusanya mavazi bora, bahati hupungua katika maisha yake bila mtu yeyote kuipunguza, na mchezo uliomkaribisha mgeni kwa mishangao humgeukia mkongwe kuwa hesabu kavu. Si kila mbunifu huliona hilo mapema, na ni kasoro kubwa, kwa sababu tofauti kati ya mgeni na mkongwe hukua maradufu: mkongwe ana nguvu zaidi, na tena ana uhakika zaidi.

Kuzidisha hufanya kinyume cha kujumlisha. Michezo mingi huwa na pigo zito, yaani nafasi ndogo ya uchawi kuzidishwa kwa moja na nusu au kwa mbili, na tukiupa uchawi uliotajwa hapo juu nafasi ya pigo zito ya asilimia 20 na kizidishi cha 1.5, wastani wake utapanda kutoka 320 hadi 352, huku mapigo mazito yenyewe yakiwa kati ya 450 na 510. Kati ya 340 na 450 hapatatokea namba yoyote, hata uchawi urushwe mwaka mzima. Wastani wa 352 wenyewe uko ndani ya pengo hilo, hivyo ni kiasi ambacho hakuna adui atakayekipokea kamwe, na anayepanga vita vyake kwa wastani peke yake anapanga kwa namba isiyopo. Kisha hufuata kinga ya adui, ambayo hupunguza sehemu ya madhara au kuyafuta yote, na mwishowe hufuata ukataji wa desimali, ambao hudharauliwa lakini huumiza. Katika Old School RuneScape, iliyofunguliwa mwaka 2013, kima cha juu cha uchawi hukatwa na kubaki namba nzima, kwa hiyo uchawi wenye kima cha juu cha 16, ukiongezewa asilimia 5 kwa kuvaa kidani, hupata 16.8, ambayo hukatwa ikarudi 16, na kidani hakikumfaa mvaaji kitu. Akiongeza asilimia 10 hupata 17.6 na kupewa 17. Mwenye uchawi wenye kima cha juu cha 20 hupata faida yake kamili kwa kidani kile kile. Kwa mara nyingine tena, ni mdogo aliyekatwa.

Mchezo huo huo unaonyesha njia nyingine ya kujenga bahati, ambayo ni kuitenga katika hatua mbili. Kwanza kompyuta hulinganisha ustadi wa mrushaji na ulinzi wa adui ili kuamua iwapo uchawi umempata au umemkosa. Pili, ukiwa umempata, huchota namba kutoka chini kabisa hadi kima cha juu, kila namba ikiwa na nafasi inayokaribia kuwa sawa. Ulinzi haupunguzi ukali wa pigo linalopenya. Hupunguza idadi ya mapigo yanayopenya. Mchezaji anayejua hivyo hununua mavazi ya kumwongezea ustadi wa kupata shabaha anapokabili adui mwenye ulinzi mkubwa, na hununua ya kuongeza kima cha juu anapokabili adui dhaifu, na asiyejua huuza alichokihitaji.

Mirusho ikiwa mingi, bahati huchoka. Mipira ya moto 100 ya dadu nane itatoa jumla ya karibu 2,800, na katika majaribio 95 kati ya 100 jumla hiyo haitatoka nje ya 2,700 na 2,900. Ile ya nafasi sawa itatangatanga zaidi, takriban kati ya 2,560 na 3,040, lakini nayo haitafika mbali. Ndiyo sababu pambano refu dhidi ya dubwana lenye uhai mwingi huamuliwa na nguvu na nidhamu, wakati pambano la mirusho miwili mitatu kati ya mchezaji na mchezaji huamuliwa mara nyingi na bahati, hata kama uchawi uliotumika ni ule ule. Mbunifu anayetaka mnyonge apate nafasi hana budi kufupisha pambano pamoja na kupanua mtawanyiko. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Linabaki swali la mahali namba yenyewe inapotoka. Kompyuta hairushi kitu. Hutumia kanuni ya hesabu inayochukua namba ya kuanzia, iitwayo mbegu, na kuisaga hatua kwa hatua mpaka itoe mfululizo wa namba zinazofanana kabisa na za bahati, ingawa mwenye mbegu ile ile atapata mfululizo ule ule kila mara. Moja ya kanuni zilizoenea zaidi ni Mersenne Twister, iliyochapishwa na Wajapani Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura mwaka 1998. Katika mchezo wa mtandaoni kazi hiyo haifanyiki kwenye simu ya mchezaji bali kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya mwenye mchezo, kwa sababu iliyo dhahiri: simu ingeaminiwa kujichotea namba, walaghai wangeifundisha kuchota kima cha juu daima. Kinachoonekana kwenye kioo, ule moto na ile namba inayoruka juu ya kichwa cha adui, ni taarifa ya jambo lililokwisha kuamuliwa mahali pengine.

Zaidi ya hapo, baadhi ya wabunifu huipinda bahati kwa makusudi. Binadamu aliyeambiwa kwamba ana nafasi ya asilimia 25 hutarajia kufaulu mara moja katika kila nne, na akikosa mara kumi na mbili mfululizo huamini kwamba ameibiwa, ilhali bahati halisi humkosesha hivyo zaidi ya mara 3 katika kila majaribio 100 ya aina hiyo. Ili kumtuliza, Warcraft III ya mwaka 2002, na baadaye Dota 2, zilitumia nafasi inayokua: penye ahadi ya asilimia 25 jaribio la kwanza hupewa takriban asilimia 8.5, la pili mara mbili yake, la tatu mara tatu, mpaka jaribio la kumi na mbili linakuwa la uhakika, na mtu akishafaulu huanza upya. Wastani wa muda mrefu hubaki robo. Mbinu hii ni nzuri, na inaheshimu hisia za mchezaji, lakini ina sharti moja: anayeijua anaweza kuhesabu makosa yake na kusubiri wakati wa kurusha, na asiyeijua hawezi, hivyo ikifichwa huwa ni silaha ya wachache.

Hapo ndipo mhadhara huu unapofikia kiini chake. Chini ya mti kule Eyasi vibao huanguka mbele ya macho ya wote, gome ni lile lile linaloweza kushikwa na kupinduliwa na kila mchezaji, na hakuna anayemiliki bahati ya wenzake. Kwenye ubao wa enkeshui au wa bao kete zote ziko wazi. Kwenye seva, kwa mara ya kwanza katika historia ndefu ya michezo ya eneo hili, mrushaji wa bahati ni mmoja, ni mfanyabiashara, na mrusho wake hauonekani na yeyote. Uaminifu uliokuwa ukilindwa na macho ya kambi nzima sasa hauna mlinzi mwingine isipokuwa maandishi: maelezo yanayosema kima cha chini, kima cha juu, mgawanyo, nafasi ya pigo zito na kanuni ya kukata desimali. Kuyaficha hayo na kuyaita siri ya ubunifu hakukubaliki, hasa pale ambapo mchezaji hulipa fedha halisi ili kuongeza namba zake.

Serikali kadhaa zimekwisha kuliona hilo kwa upande wa masanduku ya bahati, ambayo mchezaji huyanunua bila kujua kilichomo, na ambayo huchotewa yaliyomo kwa kanuni za aina ile ile zinazochota madhara ya uchawi. China iliwataka wenye michezo kutangaza uwezekano wa kila kitu kupatikana kuanzia Mei 2017. Kampuni ya Apple ikaweka sharti kama hilo katika duka lake la programu mwishoni mwa mwaka huo. Na mwaka 2018 Ubelgiji ikaamua kwamba baadhi ya masanduku hayo ni kamari iliyo kinyume cha sheria yake. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayoisimamia, na fikra ya msingi iliyomo katika usimamizi wa aina hiyo, kwamba anayetoza fedha kwa ajili ya bahati lazima bahati yake ikaguliwe, ni fikra inayoweza kupanuliwa hadi kwenye uchawi unaonunuliwa kwa simu ya mkononi. Haitoshi kusema kwamba ni mchezo tu. Mshale wenye ncha ya chuma nao uliwekwa rehani katika mchezo tu.

Vijana wa Ngorongoro na Karatu ambao kesho watakaa mbele ya kompyuta kubuni michezo yao wenyewe wana urithi ambao wenzao wa nchi nyingi hawana: wanaweza kuuliza wazee namna enkeshui inavyojenga mashaka bila kutumia bahati hata kidogo, na wanaweza kujifunza kwa majirani zao Wahadzabe namna bahati tupu inavyogawanya mali bila kumdhulumu mtu. Waombwe jambo moja tu. Kwenye kila uchawi watakaoubuni waandike kwa Kiswahili, mahali panapoonekana, kima cha chini, kima cha juu, na ni mirusho mingapi katika kila 100 itakayoangukia karibu na wastani. Na wayaandike hayo kabla mchezaji hajatoa shilingi yake ya kwanza.